Bi Felisita Songoro na Maswali ya Watoto Wanne

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Kikwajuni na Miembeni, wenzetu wa hospitali, na nyote mliokatiza shughuli zenu leo Jumatatu mkaja kutushika mkono, familia inaomba mkae popote mlipopata nafasi, kivulini au juani, mtusikilize kidogo, kwa sababu huyu tunayemsindikiza hakuwa mtu wa kujieleza, na yapo mengi ya maisha yake ambayo hata sisi wa nyumbani tumeyakusanya juzi na jana tu, kwa huyu na kwa yule, ili asiende kimya kimya kama alivyopenda kuishi.

Bi Felisita Songoro Mabruki alizaliwa tarehe 6 Machi 1918, hapa hapa Ng'ambo, mtaa wa Kikwajuni, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Songoro Mabruki, aliyekuwa mwashi wa mawe na chokaa, na Bi Magdalena binti Feruzi, aliyekuwa akisuka mikeka, na kwa kuwa siku ile Kanisa lilikuwa likiwakumbuka watakatifu Perpetua na Felisita, padri aliyembatiza katika Kanisa la Minara Miwili hakutafuta jina mbali. Alisoma kwa masista kuanzia mwaka 1926, akafika darasa la nne, akajua kusoma, kushona na kupiga pasi, lakini mwaka 1931 baba yake alianguka kutoka juu ya nyumba waliyokuwa wakiijenga, akavunjika nyonga, na Felisita akatolewa shule ili amsaidie mama yake kusuka ukili wa mikeka, jambo ambalo hakuwahi kulilalamikia, ila alipokuwa mtu mzima alikuwa hawezi kumwona mtoto wa shule barabarani saa za masomo asimwulize anakwenda wapi.

Tarehe 23 Aprili 1938 aliolewa na Yusufu Farajala, seremala, mtu mpole na mcheshi, wakajaaliwa watoto wawili, Klemensi, aliyefariki kwa surua mwaka 1943 kabla hajatimiza miaka minne, na Bernadeta, aliyezaliwa mwaka 1942, ambaye yupo mbele yenu hapa akiwa mwalimu, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Mwaka 1947 Yusufu naye aliondoka, kwa homa ya mapafu, na Bi Felisita akabaki mjane wa miaka ishirini na tisa, ana mtoto wa kulisha, ana mama mzee, na chombo cha kazi alichonacho ni pasi ya mkaa.

Kazi aliipata mwezi wa Juni 1949, Shangani, katika nyumba ya ghorofa ya Bwana Anselmo Olmedo, mtu wa Kadis katika nchi ya Hispania, aliyekuja Unguja kuwa fundi mkuu wa mitambo ya kinu kimoja cha mafuta ya nazi, na mkewe, Bibi Remedios, ndiyo kwanza alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, Inés, nao wakamtaka Bi Felisita awe yaya. Baada ya Inés wakaja wengine watatu, wa mwisho wao Mateo, aliyezaliwa mwaka 1956, na wote wanne walipita mgongoni mwa Bi Felisita, wakafundishwa naye kutembea, kula ugali kwa mkono, na kuamkia wakubwa shikamoo, hata wakawa wakikisema Kiswahili kama wana wa Kikwajuni, na mmoja wao akimtaka Yaya alimtaka kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili alijibiwa.

Kihispania Bi Felisita hakufundishwa na mtu, bali alikiokota mlangoni. Kila magharibi Bibi Remedios alikuwa akiwapanga wale watoto wanne juu ya ngazi, mkubwa mpaka mdogo, akiwauliza wote kwa pamoja mambo ambayo mama yeyote huwauliza wanawe, na Yaya akiwa amesimama nyuma yao na taulo begani, mpaka ikafika siku Bibi Remedios kichwa kinamuuma, akamwashiria aulize yeye, naye akauliza, na watoto wakajibu bila kugeuka kuangalia ni nani aliyesema. Sisi tunayaandika kama alivyoyatamka yeye: Abeis komido, maana yake mmekula, Os abeis lavado las manos, mmenawa mikono, Por ke yorais, mbona mnalia, Estais todos, nyote mpo, na taa ikikaribia kuzimwa, Abeis rezado, mmesali. Lugha ile, kama yetu, ina namna ya kumwuliza mtu mmoja na namna nyingine ya kuwauliza wengi, na Bi Felisita aliijua hiyo ya wengi tu, tena ya wengi walio wadogo, kwa kuwa hakuna mtu mzima wa Kihispania aliyewahi kuwa na haja ya kuulizwa na yaya.

Bernadeta ametaka hili lisomwe, lisifichwe. Miaka yote ile yeye alilelewa na bibi yake huku Kikwajuni, na mama yake alikuwa akija Alhamisi mchana na Jumapili baada ya misa, akiwa na nguo alizopewa na harufu ya sabuni ya watu wengine, na Bernadeta akiwa msichana wa miaka minane, tisa, kumi, aliwaonea wale watoto wa ghorofani wivu mkubwa, akawa mama yake akija anajifanya amelala. Bi Felisita alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, anamtia mafuta miguuni, hamwamshi, na saa yake ikifika anaondoka. Hawakuligusa jambo hilo kwa maneno kwa miaka mingi, na tutakuja kueleza liliishaje.

Yalipokuja Mapinduzi mwaka 1964, kinu kikawa cha Serikali, mkataba wa Bwana Anselmo ukafika mwisho, na tarehe 19 Machi familia nzima ikashuka bandarini kupanda meli. Bi Felisita ndiye aliyefunga masanduku, ndiye aliyewavisha, na pale gatini Bibi Remedios aliwapanga wanawe kwa urefu kama desturi yake, akainua kidole awahesabu, akakishusha, akamgeukia Yaya. Yaya akauliza, "Estais todos?" Watatu wakajibu kwa Kihispania kwamba wapo, lakini Mateo, aliyekuwa na miaka minane, akamjibu kwa Kiswahili, "Hatupo sote, Yaya. Wewe bado hujapanda." Bi Felisita akamwambia, "Mimi nnakwenda kesho, mwanangu, panda upesi upate dirisha," na huo, Baba Padri, ndio uongo pekee ambao familia inaujua kwamba aliusema kwa kukusudia, naye aliuungama Jumamosi ya juma lile lile.

Mwaka 1965, mwezi wa Februari, aliajiriwa katika jiko la hospitali kuu ya hapa mjini, chini ya Bi Mwatum, ambaye alikuwa mkubwa wake wa kazi na pia jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na kazi yake ilikuwa kupika uji alfajiri na kuupeleka wodini. Pale jikoni wapo waliomtania wakimwita yaya wa wazungu, wengine kwa mzaha, wengine si kwa mzaha, kwa kuwa zilikuwa zama za kila mtu kumtazama mwenzake alikuwa wapi na nani, na yeye akaamua kwamba maneno yale ya ghorofani hatayatamka tena mbele ya mtu, akayaweka kama mtu anavyoweka nguo za marehemu, hazivaliwi na hazitupwi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia vipande vipande. Alfajiri ya Jumanne tarehe 16 Julai 1968, kusi likivuma kwa nguvu, meli ya mizigo ya Kihispania, mojawapo ya zile zilizokuwa zikipita pwani yetu kwa sababu mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa, ilipanda mwamba upande wa kusini mashariki wa Unguja, ikapasuka. Kesho yake watu wa Jambiani wakaona mashua inarushwa na mawimbi, ndani yake mna wazungu kumi na wanne, wakaingia majini wanaume kwa wanawake, wakawatoa, wakawafunika kanga, wakawanywesha madafu, na jioni wakawapakia katika lori la nazi mpaka mjini, hospitali, katika wodi moja yenye askari wawili mlangoni. Askari walikuwa na sababu, maana watu wale hawakuwa na karatasi hata moja, bahari ilikuwa imechukua kila kitu, na hakuna aliyejua ni akina nani wala walikuwa wakifuata nini katika maji yetu.

Walijaribiwa kwa Kiingereza, wakatikisa vichwa, wakajaribiwa kwa Kiarabu na kwa Kifaransa, na Mgoa mmoja mzee aliyeletwa aseme nao Kireno aliambulia maneno mawili matatu, meli, mwamba, upepo, kisha walipomvamia wote kwa maneno ya haraka akainua mikono akasema hicho ni Kihispania, na masikio yake hayafuati tena. Wapo vijana wetu waliokuwa wamesoma lugha ile ng'ambo, lakini wakati huo walikuwa kazini Bara, na Inspekta Masoud, aliyekabidhiwa shauri lile, alikuwa amepiga simu, akajibiwa kwamba mmoja wao atapanda ndege ya Ijumaa. Kwa hiyo wakaachwa walale, wapumzike, wangojee Ijumaa, lakini wale watu hawakulala, walikuwa wakinyoosha mikono upande wa baharini na kupiga kelele, na kila mtu akafikiri wanaililia meli yao.

Alhamisi asubuhi Bi Felisita aliingia na kigari cha uji. Alikuwa ameambiwa na Bi Mwatum asiwatazame sana, agawe atoke, naye alikuwa na nia hiyo hiyo, mpaka mmoja wao, mtu wa makamo mwenye ndevu nyeupe, ambaye baadaye tulijua kuwa alikuwa mpishi wa meli, alipolipiga godoro kwa ngumi na kulia, akitaja neno moja mara nyingi, todos, todos. Bi Mwatum anasema aliona upawa umesimama katikati ya sufuria na bakuli. Bi Felisita aliweka bakuli chini, akajifuta mikono kwa aproni, na mbele ya askari, mbele ya Inspekta Masoud aliyekuwa ameingia wakati huo na kofia mkononi, akawauliza wale mabaharia kama anavyouliza mtu aliyesimama juu ya ngazi saa za magharibi:

"Estais todos?"

Wote kumi na wanne wakamjibu kwa mpigo, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu Bi Felisita alijua kuuliza, kujibiwa na watu wazima hakukujua, na maneno yalimjia kama mvua ya masika juu ya bati. Alifanya alichokuwa akikifanya kwa watoto wakimsemea wote kwa pamoja, akainua kiganja, akangoja, wakanyamaza kama wale watoto walivyokuwa wakinyamaza, akamwonyesha kidole yule mwenye ndevu peke yake. Yule mtu akasema polepole, machozi yakishuka, "Faltan cinco." Neno hilo la kwanza Bi Felisita alikuwa akilisikia mezani siku mtoto mmojawapo amechelewa kurudi kucheza, Bibi Remedios akikitazama kiti kilicho wazi, na hilo la pili ni hesabu waliyokuwa wakihesabia katika mchezo wa kujificha. Akamgeukia Inspekta.

"Hawapo wote," alimwambia. "Wanakosekana watano."

"Una hakika, Bi Felisita?"

"Sina hakika ya lugha, Inspekta. Nna hakika ya kilio."

Inspekta Masoud, ambaye yupo nasi hapa na ametupa ruhusa ya kumtaja, hakupoteza muda kumwuliza alikipata wapi Kihispania, ingawa swali hilo lilikuja kuulizwa na wengine. Alituma iletwe ramani ya kisiwa, ikatandazwa juu ya kitanda, na Bi Felisita akauliza swali jingine la watoto, lile la wanaporudi na matope magotini, mmekuwa wapi nyinyi, na vidole vikashuka juu ya ramani, huku ndiko meli ilikovunjika, huku ndiko walikoachana na mashua ya pili, na mashua ile, waliyoiigiza kwa kalamu waliyoilaza juu ya ramani na kuisukuma, haikuwa na makasia mazima, mkondo ukaichukua kaskazini. Watu wa Jambiani walikuwa wametafuta mabaki karibu karibu, kusini, bila kujua kama kuna watu. Inspekta akapiga simu Mkokotoni, palipokuwa na mashua moja ya mtambo, na nahodha wake, Jecha, mtu wa Tumbatu, alipoelezwa akasema mkondo wa kusi ukikichukua kitu kutoka kule hukitupa Mnemba, akazunguka Nungwi na kusi likimpiga usoni, na kabla jua halijazama akawakuta, juu ya kile kisiwa kisicho na maji, mashua yao imepasuka, watano wote wapo, wanne wana pumzi.

Yule wa tano alikuwa amefariki asubuhi ile ile. Tunalisema hili bila kulipamba, kwa kuwa Bi Felisita mwenyewe lilimkaa, na kwa muda mrefu alikuwa akijiuliza kama angaliingiza kigari cha uji Jumatano jioni badala ya Alhamisi asubuhi ingekuwaje, mpaka daktari mmoja akamkalisha akamweleza kwamba kijana yule alikuwa ameumia kifua tangu meli ilipopasuka, na kwamba wale wanne wasingefika Ijumaa bila swali lake.

Ijumaa hiyo, asubuhi, ndege ilikuwa bado haijafika, wale wanne wakiwa wamelazwa wodi nyingine wakitiwa maji mwilini, Inspekta Masoud alishuka jikoni mwenyewe. Bi Mwatum alikuwepo, na mazungumzo yao tunayo kutoka kwake.

"Shikamoo, Bi Felisita."

"Marahaba, mwanangu."

"Wale kumi na wanne wamesikia kwamba wenzao wameletwa. Wameniona mimi, wanahesabu kwa vidole, wananionyesha vitano. Mkalimani atafika saa tisa. Mimi siwezi kuwaacha mpaka saa tisa."

"Neno hilo mimi sina, mwanangu. Katika nyumba ile hakufa mtu. Mimi nnajua kuuliza tu, kuambia sijui."

"Basi twende ukakae nao tu."

Alivua aproni, akanawa uso, akaenda. Mabaharia walipomwona mlangoni walisimama wote, hata wale waliokuwa hawajaruhusiwa kusimama, wakamtazama mdomo, na yeye akawatazama, akitafuta katika kila alichokiokota kwa miaka kumi na mitano, na kila alichokishika kilikuwa cha kuosha mikono na kula na kulala. Bi Mwatum, aliyemfuata kwa kuwa hakutaka aende peke yake, anasema alidhani atalia. Hakulia. Alisogea mpaka kwa yule mpishi mwenye ndevu nyeupe, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akawageukia wote, na kwa sauti ya chini, ya mtu anayekaribia kuzima taa, akawauliza:

"Abeis rezado?"

Hapo wakajua. Mpishi aliinamisha kichwa, akashuka sakafuni polepole akiwa bado ameshikwa mkono, na mmoja baada ya mwingine wakashuka wote, na Bi Felisita akapiga magoti nao, akaanzisha Ave Maria kwa Kilatini, kama alivyofundishwa na masista, na hapo kwa mara ya kwanza tangu walipotolewa majini wakawa wanasema lugha moja na mtu wa Unguja. Askari wa mlangoni, Mwislamu, alivua kofia yake akasimama hivyo mpaka walipomaliza.

Mkalimani alifika, akafanya kazi yake vizuri, na mambo yote yakajulikana, meli ya nani, inatoka wapi, na kwamba hawakuwa ila watu wa kazi. Yeye ndiye aliyemweleza Bi Felisita, akicheka kwa upole, kwamba alikuwa akiwasemesha wanaume wenye ndevu kama watoto wa chekechea, na Bi Felisita akaona haya, akaomba awaombee radhi, lakini mpishi alipofikishiwa maneno hayo akamwambia mkalimani kitu, na mkalimani akakitafsiri. "Anasema," alimwambia, "tangu mama yake afariki hajaulizwa na mtu kama amekula." Wakakaa hapa majuma matatu, na kila asubuhi kigari cha uji kikiingia walikuwa wakijipanga wenyewe, mrefu mpaka mfupi, wangojee kuulizwa.

Kulikuwa pia na siku mbili za mwezi wa Agosti ambazo Bi Felisita aliitwa ofisini, ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja, akaulizwa alijifunza wapi lugha ya kigeni, kwa nani, na kwa nini hakuitangaza, na siku ya pili alirudi nyumbani amechoka sana, hakula. Inspekta Masoud alikwenda kumsemea bila kuombwa, naye wakati ule alikuwa kijana mwenye cheo kidogo na mengi ya kupoteza, na baada ya hapo hakuitwa tena. Familia ya marehemu inamshukuru kwa hilo mbele ya watu, kwa kuwa wakati ule haikuwezekana kumshukuru mbele ya watu.

Ni jioni ya siku hiyo ya pili ambapo Bernadeta, aliyekuwa ameshaolewa, alikuja kumwangalia mama yake, akamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, naye akaleta mafuta, akakaa chini, akaanza kumsugua miguu. Hapo akamwuliza lile alilolibeba tangu utotoni.

"Mama, lugha yote ile umeijua miaka mingapi, na mimi mwanao hujanisemesha hata neno moja. Ilikuwa ya wale tu?"

Bi Felisita akamjibu, "Ile ni lugha ya kuuliza watoto wengi, mwanangu. Nlipokuwa nnarudi kwako nlikuwa nnataka kukuuliza wewe peke yako, na ulikuwa umelala."

"Sikuwa nimelala."

"Nnajua," alisema. "Mtu aliyelala hakunji vidole vya miguu akitiwa mafuta. Nlikuwa nnaogopa nikikuamsha utaniuliza kwa nini nnaondoka."

Bernadeta anasema walicheka, kisha wakalia, kisha wakala ndizi za nazi zilizokuwa zimepoa, na tangu siku ile mpaka mwisho hapakupita juma mama na mwana hawajalala chini ya paa moja walau usiku mmoja.

Mwezi wa Novemba 1970 Bi Felisita alianza kusumbuliwa na presha, akaachishwa kazi za moto jikoni, na tarehe 2 Juni 1971 alipatwa na kiharusi akiwa kibarazani anachambua mchele, upande wake wa kulia ukapooza, akalazwa hospitali ile ile aliyoitumikia, kisha mwezi wa Julai akaombewa ruhusa ya kurudi nyumbani kwa Bernadeta, Miembeni. Hakuwa mgonjwa wa kuchosha. Alikuwa akitaka dirisha liwe wazi asikie watoto wakipita kwenda shule, na mjukuu wake mdogo, Yusufu, aliyeanza kutambaa wakati huo, alikuwa akiwekwa ubavuni mwake upande uliokuwa hai, amshike kanzu asianguke, na daktari alisema kazi hiyo ilimsaidia kuliko dawa. Jana Jumapili, tarehe 12 Septemba 1971, saa mbili asubuhi, baada ya kupakwa mafuta matakatifu siku iliyotangulia, alifariki dunia, mtoto amelala, dirisha liko wazi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, waliomtunza kama mama yao, na wapishi wenzake, waliokuwa wakimletea uji kila asubuhi ingawa yeye ndiye aliyekuwa akiukosoa chumvi. Tunamshukuru Baba Padri kwa kuja kila alipoitwa na hata asipoitwa, na tunawashukuru nahodha Jecha na watu wa Jambiani, waliosikia habari jana mchana na leo asubuhi wakawa wamefika, na samaki wa kuwalisha waombolezaji. Majirani wa Kikwajuni na Miembeni, Waislamu na Wakristo, mmepika, mmefagia, mmechimba kaburi tangu alfajiri, na nyinyi akina mama mlioongozwa na Bi Mwatum, mmekesha mkiwabembeleza watoto wa Bernadeta ili yeye apate kumlilia mama yake bila kusumbuliwa, jambo ambalo hatujui tutawalipaje, ila kwa kuwaombea.

Na wewe, Bi Felisita Songoro, umelea wako na wa watu, umelea wadogo na wenye ndevu, miaka yote hiyo bila kuuliza zamu yako itafika lini. Imefika sasa, mama. Legeza mikono, ulelewe wewe. Pumzika kwa amani kwake Yeye asiyekuwa na mtoto wa kambo.